Siku Nilipomchora Shangazi Chelagat

Harufu ya udongo mbichi uliokandwa pamoja na mavi ya ng'ombe hunirudisha nyumbani haraka kuliko picha yoyote. Kila Desemba mama alikandika nyumba yetu upya, kuanzia ukuta wa mbele, ule unaotazama njia ya kwenda kituo cha kuuzia majani chai. Mwaka nilipokuwa na miaka tisa aliniachia ukuta huo niupambe, kwa sababu tulitarajia wageni. Shangazi Chelagat, dada mdogo wa baba aliyekuwa akiishi kwetu, alikuwa anaolewa kanisani baada ya majuma mawili.

Rangi nilijitafutia. Nyekundu nilichimba kando ya barabara, nyeupe ilitoka mtoni, nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria. Kijani kilikataa. Nilisugua majani chai ukutani asubuhi yakiwa kijani, na kufikia jioni yakawa kahawia kama chai yenyewe. Nililia, kisha nikaliacha shamba la chai nililokuwa nikichora likae hivyo. Brashi ilikuwa kijiti nilichotafuna ncha mpaka ikawa nyuzi. Sikujua kubuni. Nilikaa kwenye mtaro nikimtazama mtu mpaka nijue anavyoweka mguu, halafu nikakimbia ukutani kabla sijasahau. Ndivyo nilivyomchora shangazi: kikapu mgongoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Tumbo nililiona, nikaliweka. Kwangu halikuwa na tofauti na kikapu.

Kesho yake wanawake walipita na majani yao. Mke wa mzee mmoja wa kanisa akasimama na kuniuliza yule ukutani ni nani. Nikamwambia kwa fahari kabisa. Akaangalia tena, akawageukia wenzake.

"Kwani Chelagat siku hizi anabeba vikapu viwili?"

Walicheka mpaka mmoja akatua mzigo chini. Mimi pia nilicheka, maana nilidhani wameipenda picha.

Kabla jua halijashuka habari ilikuwa imefika kanisani. Wazee wakasema hakuna shela wala maandamano ya harusi kwa msichana mwenye mimba. Mchumba wake hakukana kwamba mimba ni yake. Wote wawili walikuwa wanakwaya. Shangazi alitolewa kwenye kwaya siku hiyo hiyo. Mchumba wake aliendelea kuimba besi, na hakuna aliyemwambia hata ahame kiti. Hilo linanikasirisha mpaka leo na sitaomba msamaha kwa hasira yangu. Majuma mawili tu yalikuwa yamebaki. Gauni lilikuwa pana, mama mwenyewe alilishona, na tumbo lingepita bila mtu kuuliza. Badala yake walifungishwa ndoa ofisini kwa mchungaji, Jumanne, shangazi akiwa na sweta yake ya kila siku.

Jioni ile wazee walipotoa uamuzi wao, mama alikanda udongo wa kuifunika picha. Shangazi akatoka nje, akasimama mbele ya ukuta. Nilijua nitapigwa kofi. Akatazama muda mrefu.

"Mkono umekosea," akasema. "Mimi hushika kiuno kwa mkono wa kushoto. Ukimwangalia mtu, Chebet, mwangalie vizuri."

Halafu akainama, akachota udongo kwa mikono miwili na kumsaidia mama kukandika.

Sasa nina watoto wawili, na kazi yangu ni kuchora kuta za maduka na shule hapa Litein. Kijani nanunua kwa mkebe, hakigeuki. Wateja wananiagiza nichore wachuna majani wakicheka. Nawaambia sijawahi kuona mtu akicheka na kikapu kilichojaa mgongoni huku mvua inampiga, na wengine huchukua kazi yao wakampa mtu mwingine. Waende. Nachora ninachoona. Lakini siku hizi namwuliza mtu kwanza kama nimchore, na wakati wa simu hizi naonekana mshamba. Mtu anapigwa picha akiwa ameinama shambani, na kabla hajanyoosha mgongo kundi zima la kanisa limeshamwona. Ukuta wangu angalau ulingoja watu wapite.

Aprili nilikwenda Sigowet kumtembelea shangazi, nikiwa na karatasi kubwa na penseli. Yule mtoto wa tumboni sasa anainama kuingia mlangoni. Nilimkuta shangazi jikoni anamenya viazi, nikamwambia nimekuja kumchora tena, safari hii kwa ruhusa yake, na sitachora chochote asichotaka. Niliyapanga maneno hayo njia nzima. Hakuacha kumenya.

"Hapana," akasema. "Ile moja ilitosha."

Nikaikunja karatasi, nikachukua kisu cha pili na kukaa karibu naye. Tulizungumza habari za ng'ombe na bei ya majani, akanitania jinsi ninavyopoteza nusu ya kiazi kwenye ganda. Nilijaribu kumtazama kama watu wengine wanavyowatazama shangazi zao, bila kumchora kichwani. Sikuweza.