Ng'ombe wa udongo niliyempoteza nikiwa field

Mbukwenyi wakuu. Hiyo ni salamu ya huku kwetu Dodoma. Mimi naishi Ipagala, na haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Aibu yangu mtaiona humu humu.

Mwaka wa mwisho chuoni nilipangiwa field kwenye uchimbaji wa mambo ya kale, kijiji kimoja cha Wagogo nje ya mji. Kazi yangu ilikuwa kusafisha na kutunza vitu vinavyotoka shimoni: vigae vya vyungu, mifupa, shanga. Wenzangu wanachimba juani, mimi nimekaa chini ya turubai na mswaki. Ndiyo, mswaki wa meno. Nilijiona daktari.

Wanakijiji waliajiriwa kuchekecha udongo. Mmoja wao ni Mama Nyemo, mtu mzima, mpole, kila asubuhi ananiletea karanga kwenye kitambaa.

Siku moja akakuta kwenye chekeche ng'ombe mdogo wa udongo, saizi ya kidole gumba. Pembe moja imekatika. Chini ya tumbo kulikuwa na alama ya kidole cha mtoto.

Watoto wanaochunga huku hufinyanga ng'ombe hivyo hadi leo.

Mama Nyemo akakaa chini. Akaniambia mwanawe Nyemo alikuwa akifinyanga hivyo hivyo, na kubonyeza tumboni hivyo hivyo. Alifariki kwa homa akiwa darasa la tatu.

"Wa kwake wote waliondoka na mvua," akasema. "Huyu amefikaje hadi leo?"

Nikamwahidi nitamtunza ng'ombe huyo, na siku ya mwisho, wanakijiji wakionyeshwa vitu, atamshika mkononi. Tangu hapo kila akimaliza kazi alipita kwenye turubai kumwangalia.

Sasa wakuu, tulichofundishwa siku ya kwanza ni hiki: kabla hujalowesha kitu cha udongo, weka tone moja la maji pembeni. Pakilainika, ujue hakikuchomwa moto, usikiguse tena kwa maji. Siyo jambo gumu.

Ijumaa moja gari la mjini lilikuwa linaondoka saa nane, na mimi nina mizunguko yangu Majengo. Nikamimina trei nzima ya vigae kwenye ndoo ya maji, nikaenda kula.

Ng'ombe alikuwa kwenye trei hiyo. Nilimweka mwenyewe katikati ya vigae, upepo usimwangushe.

Niliporudi, vigae vilikuwa safi. Chini ya ndoo palikuwa na tope jekundu. Nililipapasa nikitafuta hata pembe.

Supervisor hakunifokea. Alisema picha ipo moja tu, ya ubavuni. Ya chini ya tumbo ilikuwa ipigwe baada ya usafi.

"Kwa Mama Nyemo utaenda mwenyewe," akasema.

Nikaenda, na nikamdanganya. Nilimwambia ng'ombe amepelekwa maabara Dar.

"Atarudi?"

"Atarudi, mama."

Siku ya maonyesho alikuja na gauni lake la kanisani, pamoja na mumewe. Wakatazama vigae, wakaondoka. Kabla ya kuondoka akachukua namba yangu.

Akawa ananipigia mara kwa mara. "Mwanangu, hujambo? Ng'ombe wetu amerudi?" Najibu bado. Miaka miwili, wakuu, najibu bado.

Mwezi uliopita nikashindwa. Nikaichapisha ile picha, nikapanda boda hadi kwake. Nikamwamkia, nikamweleza yote: ndoo, gari la mjini, uongo wangu. Alinisikiliza huku akipepeta uwele, hakuacha hata mara moja.

Nilipompa picha ndipo akaweka ungo chini. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaigeuza, kutafuta tumbo.

Nyuma palikuwa peupe.

"Umekuja na jua kali," akaniambia. "Kunywa maji."

Nikanywa. Akarudi kwenye ungo wake, na mimi nililia njia nzima kurudi.

Nilichojifunza: ukiharibu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo, akukasirikie yaishe. Mimi nilimwacha mama wa watu asubiri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko lile tope.

Tangu siku ile hajanipigia. Mliowahi kukosea namna hii, nimpigie mimi, au nimwache? Nitasoma comments zote, hata za kunichana.