Maziwa ya Baba

Maziwa yakifurika na kuungulia jikoni, harufu yake hunirudisha Mbinga, kwenye jiko la mama, jioni moja ya baridi.

Baba alikuwa fundi wa kusubu sufuria. Kutwa nzima aliyeyusha alumini ya injini mbovu zilizojaa oili na rangi, na moshi wake ulikuwa mweusi, mzito, wa kuwasha macho. Pale karakana wote waliamini kwamba maziwa huosha kifua. Kwa hiyo mama alimwekea baba kikombe kila siku, na sisi watoto tulikatazwa hata kuonja.

Jioni hiyo aliingia akikohoa, shati likinuka moshi.

"Shikamoo, baba."

Aliitikia kwa kichwa tu, akaketi kwenye kigoda na kukiinamia kikombe chake. Maziwa yalikuwa ya moto mno. Akapuliza, lakini utando wa juu haukutikisika. Akapuliza tena, mabega yakapanda, kikohozi kikamshika. Mama akageukia moto, akaanza kuchochea kuni zilizokuwa zinawaka vizuri kabisa.

Baba akanisogezea kikombe. "Nipulizie, mwanangu."

Nilijiona mkubwa! Kaka zangu wote walikuwepo, na kikombe kile nimepewa mimi. Nikajaza mashavu, nikapuliza mpaka maziwa yakafanya mawimbi kama Ziwa Nyasa siku ya upepo.

"Kumbe una pumzi hivyo," baba akasema taratibu, akikitazama kifua changu.

Nikapuliza tena, kwa nguvu zaidi, ili anisifu.