Filamu ya Bata katika Saluni ya Daphine

Wasusi wamejaa soko la Konyo Konyo, Juba, mlango kwa mlango, na wengi wao ni Waganda wenye vidole vyepesi. Lakini kwa Daphine ulikuwa unakaa benchi unasubiri zamu, tena bila kununa, kwa sababu juu ya kioo chake palitundikwa TV, na katika TV hiyo zilikuwa zinachezwa katuni za Kijapani tangu asubuhi mpaka anafunga.

Usicheke. Rasta nyembamba ni kazi ya kutwa, na mtu aliyeinamishwa kichwa muda wote huo atasinzia, atalalamikia kiuno, au ataanza kusengenya. Umbea ulikuwa umeshamgombanisha Daphine na nusu ya soko. Basi mteja mmoja alipomwachia flashi iliyojaa filamu hizo, aliichomeka ili wanawake wanyamaze, kumbe wa kwanza kunyamazishwa alikuwa yeye mwenyewe. Alizitazama, akazirudia, akazirudia tena, mpaka akazijua kama njia ya kwenda kwao Masaka.

Majina ya Kijapani yalimshinda ulimi, akazibatiza upya: Mwavuli, Dada Wawili, Treni ya Theluji, Bata. Na kwa kuwa aliyeinama hawezi kusoma maandishi ya chini, Daphine alisimulia huku anasuka, sauti hii ya binti, ile ya babu, kwa Kiswahili chake cha Kiganda kilichonyunyiziwa Kiarabu cha Juba. Kila kichwa kilikuwa na filamu yake. Aliyekuja kwa twist kubwa alipewa Mwavuli, nyepesi na tamu, ya msichana anayeuza miavuli katika mji usiokauka mvua. Aliyefiwa alipewa Dada Wawili alie vizuri yaishe. Bibi harusi hakuonyeshwa Treni hata aombe namna gani, maana mle ndani kuna mchumba anaachwa stesheni. Daphine ndiye aliyeamua nani atazame ipi, na mkono wake katika hilo ulikuwa mwepesi kuliko hata katika kusuka.

Mwenye chumba cha saluni alikuwa Mama Rejoice wa mtaa wa Kator, mjane, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao. Aliporudi kutoka ukimbizini Uganda aliuza kisra, ile mikate myembamba ya mtama, akaiuza mpaka ikamjengea vyumba vya kupangisha. Mwanamke wa namna hiyo huwezi kumchezea. Sasa kuna mtu akamnong'oneza kwamba kwa yule Mganda wake yanaonyeshwa majini ya Kijapani na wanawake wanayatazama midomo wazi. Mama Rejoice hakutuma mjumbe. Alipanda boda, akaja mwenyewe siku ya Ijumaa, akasimama mlangoni na kanga yake ya kanisa.

Alisema bila kupandisha sauti. Chumba chake hakiwezi kuwa nyumba ya mashetani, basi ama TV itoke leo, ama Daphine atoke pamoja nayo.

Bila ile TV angebaki msusi kama wasusi wote, na benchi lake lingekauka. Na akitoka humo angeanzia wapi? Vyumba vya sokoni hupatikana kwa kujuana, na mtu aliyejuana naye ndiye huyohuyo aliyesimama mlangoni. Lakini Daphine ana mdomo, Mungu alimpa, na macho pia alimpa. Aliona chini ya kitambaa alichojifunga Mama Rejoice kichwani nywele hazijasukwa, na soko zima lilijua kwamba Jumapili Mama Rejoice ataongoza maandamano ya akina mama, na msusi wake amekwenda Kampala msibani.

"Mama," akasema, akipiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao, "kaa mimi nisuke wewe. Tazama moja na macho yako. Ukiona shetani, hiyo TV mimi natoa na mkono yangu."

Mama Rejoice akafikiri, akajishika kichwa, akakaa. Alitaka rasta nyembamba.

Haya, filamu ipi sasa? Babirye, msusi mwenzake, akamvuta pembeni na kumsihi aweke Mwavuli: haina mzimu, haina busu, haina hata mtu anayekufa. Daphine, aliyekuwa anachagulia watu filamu kila siku bila kuuliza mtu, safari hii akamsikiliza mwenzake. Hofu ndiyo iliyochagua, si yeye.

Mwavuli ikachezwa, wasusi wawili wakisuka pamoja. Daphine akasimulia kwa adabu, kama anasoma matangazo ya misa. Mama Rejoice alipiga miayo, akasinzia, akazinduka, akauliza kama bado inanyesha. Ilipokwisha, nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu imesimama wima, na yeye akatoa hukumu. Shetani hakumwona, alisema, ila upuuzi ameuona. Msichana mzima anauza miavuli, mvua inazidi, na hapandishi bei! Huyo hajui hata biashara. Kama ni haya ndiyo yanayowakalisha wanawake kutwa nzima, wakati watoto wao hawajala, basi ni kalas, yamekwisha, itoke.

Hapo Daphine akachemka. Kumtukana yeye angemeza, alishatukanwa sana sokoni. Lakini kuiita filamu yake upuuzi, na mwenye kuiita ni mtu aliyelala katikati? Akachukua rimoti, asimtazame Babirye, akaweka Bata.

Babirye akaangusha chanuo. Maana Bata ni hivi: mjane mmoja ana duka la maandazi ya mchele, mumewe amekufa, na siku moja anaingia bata, anapanda juu ya kaunta, anaanza kusema kwa sauti ya marehemu.

"Jini hilo," Mama Rejoice akasema, akainuka.

"Ni sawa, Mama, nenda," Daphine akajibu. "Lakini kichwa iko nusu."

Mama Rejoice akajitazama kwenye kioo. Upande mmoja mwenyekiti, upande wa pili kichaka. Nje soko lilikuwa limejaa watu, na nusu yao ni waumini wenzake. Akakaa taratibu, akafumba macho, akaanza kusali rozari kimoyomoyo.

Macho hufumbwa, masikio je? Daphine sasa hakusoma matangazo tena. Alimtoa yule bata kooni, mkali, mjuaji, mwenye kiburi cha mwanamume aliyeshiba. Bata hakuleta ujumbe wowote kutoka kuzimu. Alionja chakula cha mkewe, akasema chumvi imepungua. Akasema bei za duka si sahihi. Akataka kujua yule jirani aliyekuja kusalimia alikaa kwa nini muda mrefu vile.

Rozari ikasimama. Jicho moja likafunguka.

Mjane akamwambia bata kwamba tangu afe, duka limeongezwa chumba cha pili. Bata akasema hiyo ni bahati tu. Na hapo Mama Rejoice, mwenyekiti, ambaye hakuna mwanakwaya aliyewahi kuona meno yake yote, akaangua kicheko mpaka rasta ikamponyoka Babirye mkononi.

"Lodu huyo!" akasema, akimtaja marehemu mumewe. "Mpeni ndoo akachote maji!"

Tangu hapo hapakuwa na kusali. Mama Rejoice aligombana na bata neno kwa neno, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kibari, akimkumbusha habari za mula yake, ule mchuzi ambao marehemu Lodu alikuwa akiulalamikia kila jioni na sahani anarudisha tupu. Wanawake wa benchi walijishika mbavu. Wapita njia wakajaa mlangoni, mwenye nyanya ameziacha nyanya, mwenye boda amezima pikipiki. Daphine alisuka na kusimulia, jasho linamtiririka, na moyoni mwake kulikuwa na furaha nene ya mtu anayejua kazi yake na anaonekana akiifanya.

Kisha ikafika ile sehemu. Baridi inaingia, mabata wote wanaruka kwenda kwenye joto, na huyu hataki kwenda. Anasema, nikiondoka nani atakuangalia? Mjane anamshika, anambusu kichwani, anamrusha juu. Anamwambia aende, duka analiweza. Anarudi ndani, anafungua madirisha, anawasha moto wa maandazi.

Daphine akafunga rasta ya mwisho, akaweka chanuo chini, akangoja. Babirye alikuwa tayari anatazama misumari iliyoshikilia TV.

Mama Rejoice akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akajitazama kwenye kioo huku na huku. Akageukia mlango uliojaa watu, wakiwemo waumini wenzake aliokuwa akiwakwepa, na akasema kwa sauti ile ya kuongozea maandamano:

"Mtu aliyeniambia humu kuna shetani, aje kwangu. Huyu si shetani. Huyu ni mume. Mimi nilikaa na mmoja."

Vigelegele vilisikika mpaka kwa wauza samaki. Babirye alikuwa analia na kucheka pamoja. Daphine alikaa chini palepale kwenye nywele zilizokatwa, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Jumapili Mama Rejoice aliongoza maandamano na zile rasta, kila moja imekaa mahali pake, na watu walizisifu. Rasta kama zile hukaa mwezi mzima. Jumanne asubuhi Daphine anafungua saluni, anamkuta Mama Rejoice amekaa kwenye ngazi, kitambaa kichwani, nyuma yake akina mama wanne wa kanisa. Akaingia, akakaa kwenye kiti, akafungua kitambaa. Alikuwa amezifumua zote mwenyewe.

"Anza upya," akasema, "na usiniwekee ya watoto. Baada ya bata natazama ipi?"