Msalaba wa Mama Hansen

Hebu mwone akifika. Mzee Bundala anasukuma baiskeli kwenye njia inayopita katikati ya mashamba ya pamba, nje kidogo ya Bariadi, ufunguo wa kanisa ukining'inia shingoni. Anaiegemeza baiskeli kwenye ua wa minyaa. Anaiondoa. Anaiegemeza tena palepale. Leo hatulii, na nikikueleza sababu utamwelewa.

Kanisa hilo dogo lilijengwa na wageni waliokuja zamani kuendesha kiwanda cha kuchambua pamba. Wenyewe waliondoka, makaburi yao tisa yakabaki nyuma ya kanisa. Msimamizi ni ubalozi wa nchi yao, na mkono wa ubalozi huku kwetu ni Bundala. Anafyeka, anafukuza ng'ombe, anapaka misalaba rangi. Mwaka wa ishirini na mbili huu.

Sasa, sisi Wasukuma tunazika nyumbani, mtu alale na watu wake. Kwa hiyo Bundala alikuwa anaumia kumwona Mama Hansen kazikwa kwenye kona peke yake, wakati Bwana Hansen yuko mstari wa mbele, jirani yake mzee mmoja aitwaye Olsen. Mwaka mmoja mchwa waliila misalaba, akachonga mipya. Alipofika kuisimika, wa Mama Hansen akausimika kando ya Bwana Hansen, wa Olsen akaupeleka kwenye kona.

"Mifupa siwezi kuihamisha," alimwambia mkewe, Milembe. "Jina angalau lilale na mumewe. Olsen hana mtu, hatanuna."

Wiki iliyopita mtendaji wa kata akamsomea ujumbe kwenye simu: wajukuu wa Mama Hansen wanataka mifupa ya bibi yao irudi kwao. Afisa wa ubalozi anakuja kuonyeshwa kaburi, wachimbaji watafuata.

"Mwambie," Milembe alisema.

"Nikimwambia, narudisha ufunguo."

"Usipomwambia, Olsen anapanda ndege."

Tangu hapo Bundala hali akashiba. Asubuhi hii amefagia kanisa mara tatu.

Gari likaja saa nne. Akashuka Joyceline, dada mmoja wa Bukoba anayefanya kazi ubalozini Dar.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayu. Mwangaluka," Bundala akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

Joyceline akakagua bati, akapiga picha madirisha, akahesabu misalaba. Bundala alimfuata nyuma akiokota majani ambayo hayakuwepo.

"Ramani ya makaburi mnayo huko?" akauliza, kama mtu anayepitisha muda.

"Hatuna, mzee. Ramani ni wewe."

Bundala akapangusa vumbi kwenye msalaba wa jirani. "Na mumewe mnamchukua?"

"Mume yupi?"

"Si huyu hapa, Bwana Hansen?"

Joyceline akacheka. "Hawa hata ndugu hawakuwa, mzee. Hansen huko kwao ni kama Masele hapa Bariadi, kila kijiji wamo. Mume wa huyu mama alizikwa kwao. Wajukuu wanataka bibi na babu yao walale pamoja, basi."

Bundala alivua kofia, akaivaa, akaivua. Miaka yote hiyo amemlaza mama wa watu na mwanamume asiye wake. Na hao wajukuu wa mbali, wasiojua hata neno moja la Kisukuma, wanataka kilekile alichokitaka yeye.

Joyceline akampa nyundo na kigingi chekundu. Mwenyewe akatangulia, akasimama kwenye mstari wa mbele, penye jina la Mama Hansen.

"Piga hapa, mzee, wachimbaji wasipotee."

Bundala akafika pale alipo. Kisha akampita, taratibu, hadi kwenye kona, akapiga magoti na kukisimamisha kigingi kwenye udongo.

"Mzee, mbona huko? Huyo si Olsen?"

Nyundo ikabaki juu. Ufunguo ulikuwa unampigapiga kifuani.

Wewe msomaji wangu, ungekuwa umepiga magoti pale, ungeanza kumweleza kwa neno gani?