Mkono Nilioubusu Hospitalini

Jana sikuandika kitu, maana sikuiona hata mistari ya daftari. Leo naiona, na natamani nisingeiona.

Baada ya sala ya Ijumaa, babu alinipeleka kupimwa macho hapa Mahajanga, kwa kuwa shuleni nilikuwa nanakili ubaoni kwa kubahatisha. Herufi kubwa za ukutani nilizisoma, ndogo zikanishinda. Daktari akanitia matone ili achungulie ndani ya jicho.

"Utaona ukungu mpaka usiku, binti. Mtu akushike mkono."

"Naona vizuri, daktari," nikasema, nikajigonga mlangoni.

Babu nilikuwa nimemwacha kwenye benchi, na kweli pale benchini palikuwa na kanzu nyeupe na kofia. Nikainama, nikaubusu mkono kama sisi Wangazija tunavyowasalimu wakubwa. "Kwezi, babu." Mkono ulikuwa laini ajabu. Nikadhani ni yale matone. Nikakaa, nikammwagia yote.

"Babu, nitavaa miwani. Usimwambie mtu. Darasani kuna Saidi, yule wa Dzamandzar. Mwaka mzima nimeshindwa hata kumwambia habari za asubuhi. Akisikia nina miwani, narudi Nosy Be kwa mama, na shule basi."

Mlangoni mtu akakohoa, na kikohozi kile nakijua tangu utotoni. Ni cha babu.

"Saidi keshasikia," ikasema ile kanzu iliyokaa kando yangu. "Habari za asubuhi."