Nati ya Gurudumu la Nyuma

Mume wangu alikuwa ofisa mdogo wa polisi, mtu wa kaskazini kama mimi, na tulikaa katika nyumba za polisi kilimani Naguru. Miezi ile ya utawala wa kijeshi watu wa kwetu walikuwa wakiitwa ofisini na hawarudi. Jumatano moja alikwenda kazini kama kawaida, na usiku hakuja. Kesho yake mama mmoja niliyesali naye akanisogelea sokoni, akainama kama anayechagua nyanya, akasema, "Bwana yako amevuka. Yuko Kenya, kwa mjomba wake. Mfuate na watoto, msikawie."

Kusafiri kwa basi sikutaka. Kwenye vizuizi askari waliwashusha abiria mmoja mmoja na kuwauliza majina, na jina langu lilitosha kueleza nimetoka wapi. Lakini gari letu lilikuwa na stika ya polisi kwenye kioo, na mara nyingi wenye stika walipungiwa mkono tu wapite. Niliamua tuondoke Jumamosi asubuhi, saa ambayo wake wa polisi huenda sokoni, bila mizigo. Niliwaambia binti zangu wawili kwamba yeyote akiuliza, mdogo anaumwa tumbo na tunakwenda hospitali.

Jumamosi nikatoka nje, nikakuta gurudumu la nyuma limelala, msumari umezama kwenye mpira.

Kubadilisha gurudumu nilijua. Tairi la akiba lilikuwepo, na jeki pia. Nililegeza nati tatu. Ya nne ilikuwa ya mviringo, laini kama kifungo cha koti, na spana ilizunguka hewani. Ndipo nilipokumbuka. Gari tulilinunua kwa mwalimu wa Kihindi, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nchini, naye kwa kuogopa wezi alikuwa ameweka nati moja ya kufuli kila gurudumu. Ufunguo wake, kichuma kifupi kama kidole gumba, mume wangu aliufunga pamoja na funguo zake za ofisini. Alikuwa nao mfukoni huko Kenya. Mimi nilikuwa na ufunguo wa kuwashia gari tu.

Niliteremka kwa miguu hadi Bugolobi kwa fundi mmoja Mkongo, mkimbizi, aliyetengeneza magari karibu na viwanda. Alipanda nami kilima akiwa na kikapu cha vyuma, akachuchumaa, akaipapasa ile nati.

"Mama, ufunguo yake iko wapi?"

"Umepotea."

Akaniangalia. "Ulipotea, ao ulisafiri?"

Nikamsogezea jeki. Naye hakurudia swali.

Alinieleza kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa. Atachukua soketi, kile kikombe cha chuma cha kufungulia nati, iliyo ndogo kidogo kuliko nati yenyewe, aipige kwa nyundo mpaka meno yake yaing'ate, halafu aizungushe kwa nguvu. "Soketi itakufa," akasema, "lakini nati itatoka." Tatizo lilikuwa nyundo. Pigo la kwanza lilisikika kilima kizima. La tatu likamtoa nyumbani kwake sajini aliyesimamia nyumba zetu, akiwa amevaa suruali ya kazi na fulana, bastola kiunoni.

"Nyinyi navunja gari ya nani?"

"Ni letu, afande. Ufunguo wa nati umepotea. Mtoto anaumwa, nampeleka hospitali."

Aliwaangalia watoto waliokaa kizingitini. Mdogo alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, ameshika kupita kiasi, na nikatamani kumwambia apunguze.

"Bwana iko wapi?"

"Yuko safari ya kikazi, afande."

"Safari ya wapi? Mimi naona orodha ya safari. Jina yake mimi haikuona."

Nilisema aliondoka kwa haraka, hata mimi hakuniambia. Sajini akamgeukia fundi, akataka karatasi yake ya ukimbizi. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Endelea kazi."

Fundi alifanya kazi hivyo, karatasi yake iko katika suruali ya mtu mwingine. Soketi ya kwanza ilipasuka vipande viwili. Sajini akacheka. Fundi akadondoshea nati mafuta ya breki, akachagua soketi nyingine nene, akapiga, akasimama, akapiga tena. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viwiko. Alipachika mpini, akaurefusha kwa kipande cha bomba la chuma, akaning'inia kwa uzito wake wote. Nati haikutikisika.

"Wewe dhaifu," sajini akasema. Akamsukuma kando, akapanda juu ya bomba kwa buti moja, akajirusha.

Nati ikaachia kwa mlio kama wa risasi. Sote tuliinama. Sajini mwenyewe mkono ulikwisha fika kwenye bastola, na kwa muda mfupi nikauona uso wake ukiwa na hofu ileile niliyokuwa nayo mimi. Kisha akajinyoosha, akakung'uta suruali, akatoa ile karatasi na kuidondosha chini palipomwagika mafuta.

"Enda hospitali," akaniambia. "Jioni mimi nakuja kusalimia mgonjwa."

Akarudi ndani. Hadi leo sijui kama alituamini.

Fundi aliifuta karatasi yake kwa shati, akafunga tairi la akiba kwa nati tatu, akakaza kila moja mara mbili. Nilipomnyooshea pesa akatikisa kichwa. "Mama, kwenye ile mipira mingine mitatu nati ya kufuli iko bado. Endesha polepole, epuka mashimo. Na usizime gari mpaka ufike." Hakusema nifike wapi. Miaka mingi baadaye nilimuulizia Bugolobi, hakuna aliyemkumbuka.

Tulipita msitu wa Mabira nikiwa nimeushika usukani kama kamba ya kisima. Vizuizi vilikuwa viwili. Cha kwanza walitupungia. Kwenye cha pili askari mmoja alizunguka gari lote, akasimama nyuma kwenye gurudumu lenye nati tatu, akaligonga kwa mtutu wa bunduki, akauliza mtoto ana nini. "Tumbo," akajibu mdogo kabla sijafumbua mdomo, akatapika kweli, juu ya kiti na juu ya dada yake. Askari akaruka nyuma, akatufukuza kwa mkono.

Karibu na mpaka gari tuliliacha kwa katekista mmoja wa kanisa letu, tukavuka kwa njia ya mashambani, mimi nimembeba mdogo mgongoni. Mume wangu tulimkuta uani kwa mjomba wake, akipasua kuni. Tulikuwa wachafu kiasi kwamba alitusalimia kama wageni, akatuuliza tunamtafuta nani.