Salamu za Neema Zilizokatwa

Siku yangu ya kwanza kwenye redio ya jamii kule Louisville, Marekani, Meneja wa Vipindi alinivalisha hedifoni akaniambia, "Mama Riziki, ukisikia kikohozi, kata." Ndivyo nilivyoanza kuhariri, yaani kuondoa kwenye kompyuta maneno yasiyotakiwa na kuunganisha yaliyobaki. Siku za kazi nilipakia mizigo ghalani, Jumamosi nilikuwa mtangazaji. Mdomo ninao, sikatai. Kipindi changu kilikuwa cha salamu: msikilizaji anajitaja, anawataja anaowasalimu, anamaliza na ujumbe wake. Watu wetu wa Kongo na Burundi walikipenda, jamani! Mtu asipotajwa na nduguye, wiki nzima amenuna.

Baadaye nilihamia redio nyingine, mji wa Columbus, kufanya kazi chini ya Mhariri Mkuu, bwana nadhifu, mpole wa sauti, mgumu wa moyo. Ilikuwa miaka ile televisheni za Marekani zinawaonyesha sana watu waliobadili jinsia, naye akataka na sisi tuwe na wetu. Nikampata Neema, Mkongo aliyepanga chumba mtaa wa Linden na kufanya kazi ghala la viatu. Alilelewa kama mvulana; sasa aliishi kama mwanamke, vile alivyojijua tangu utoto. Mama yake, aliyekaa Cheektowaga karibu na Buffalo, alikuwa ameacha kupokea simu zake.

"Nakubali," Neema aliniambia, "ila mwisho mniachie nimsalimu mama. Kila Jumamosi anasikiliza redio yenu kwenye simu akisonga ugali. Mimi hanipokei, lakini ninyi hawazimi."

Tukarekodi. Weee, alinichekesha yule mtoto! Alisimulia gari lake linalogoma kila theluji ikianguka, msimamizi wake anayesinzia chooni, sombe, kisamvu cha kwao, anayoipika mpaka majirani wanagonga mlango. Alilia mara moja tu, nilipomuuliza habari za nyumbani. Kisha akajifuta machozi, akasogelea kipaza sauti. "Mimi Neema wa Columbus, namsalimu mama yangu mzazi, wa kwanza kabla ya wote. Ujumbe wangu: mama, nipo, ninakula, ninasali."

Mhariri Mkuu alisikiliza amekunja mikono. "Gari halitusaidii. Hospitali iko wapi? Vidonge? Jina la zamani?"

"Hilo si lake tena, bwana."

"Wasikilizaji watauliza. Na hizo salamu toa. Hiki ni kipindi cha majonzi."

Nilibishana naye mpaka koo likanikauka. Nikakataa kukata, akakata mwenyewe. Alibakiza kilio, akakirudia mara mbili, akakiwekea muziki wa huzuni, na mwanzoni kabisa akalitangaza jina la zamani, alilolipata kwa watu wa kanisani. Neema alinipigia mara moja. "Mama Riziki, nimesikia msiba wangu nikiwa hai." Hasira iliniliza, nikaacha kazi.

Nikahamia Buffalo, kwenye redio ndogo. Jumapili moja mama mmoja alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. Alikuwa amenitambua kwa sauti, akanisemesha kwa Kiswahili cha Kongo chenye Kifaransa ndani.

"Bon, ni wewe ulimuuliza ule mutoto wangu. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikingoja salamu. Hata yangu hakuna? Donc nikajua amenitupa."

"Hakukutupa, dada. Alikutaja wa kwanza. Wakubwa walikata." Nikamrudishia maneno yote ya Neema.

Akakaa chini pale kwenye ngazi, na baridi ile yote. "Nipatie hiyo sauti."

Sauti haikuwepo, ilikuwa imeshafutwa. Tukapiga namba ya Neema, akapokea mtu mwingine. Nilipouliza Linden, majirani wakasema alihama, hakuaga.

Sasa nimestaafu. Vijana wa redio hunijia niwafundishe mkato safi, ule ambao sikio haling'amui kuwa kitu kimeondolewa. Ninawafundisha, kazi ni kazi. Ila huwaambia kwamba mkato wa Columbus ulikuwa safi kuliko yote niliyowahi kusikia, na mama mzazi alisikiliza kwa makini asijue kuwa ametajwa. Mama huyo hunipigia mpaka leo. "Dada, sema tena vile binti yangu alisema." Namwambia tena, taratibu, mpaka ashukuru na kukata simu. Hapo ndipo ninapolia, maana sijui kama yule mtoto yuko hai.